Kukaa vizuri na fundi na mkandarasi: mwongozo kwa mwenye nyumba za kupangisha Nakuru, Kisumu na Magharibi

Fundi mzuri hakosi kazi. Iwe ni Kiamunyi, Lanet, Mamboleo au Lurambi, mjengo uko kila upande, na fundi anayeijua kazi yake huwa na watu wanaomngoja. Mwenye nyumba anayedhani ni yeye tu anayechagua ajue kwamba naye anachaguliwa. Mafundi huulizana wao kwa wao: huyu hulipa siku gani? Hugeuza maneno kazi ikiisha? Majibu ya maswali hayo ndiyo huamua kama fundi atashika simu yako bomba likipasuka Jumapili usiku, au ataiacha iite mpaka ikatike.

Uhusiano huo haujengwi kwa soga wala soda za saa nne, ingawa soda si mbaya. Unajengwa na pesa inayofika siku iliyosemwa, kwa kazi iliyopimwa na pande zote mbili. Mengine yote yaliyo hapa chini yanaegemea hapo.

Kumpata

Usianze kwa kumuuliza mwenye hadiwea (duka la vifaa vya ujenzi) peke yake. Mara nyingi atakuelekeza kwa fundi anayemletea wateja, na huenda huyo si fundi anayefaa. Waulize makeateka, yaani watunzaji, wa ploti za jirani, maana hao ndio huishi na kazi ya fundi baada ya rangi kukauka. Kisha nenda ukaone kazi yake ya miaka miwili iliyopita, si ile aliyomaliza wiki jana. Angalia pembe za bafu, sehemu ya chini ya kuta za nje, na mahali mabati yanapokutana na ukuta. Ukiweza, nenda siku moja baada ya mvua kubwa. Mwenye nyumba hiyo muulize mambo mawili tu: alimaliza? Na alipoitwa kurekebisha kasoro, alikuja?

Kwa ujenzi mpya au ukarabati mkubwa, mkandarasi awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Madaraja ni manane: NCA 1 ni ya kazi kubwa kabisa na NCA 8 ndiyo ya chini. Daraja lake lilingane na ukubwa wa kazi yako, na leseni iwe ya mwaka huu. Usiridhike na nakala ya cheti, hakikisha jina lake kwenye orodha ya NCA mtandaoni. Mradi wenyewe pia husajiliwa NCA baada ya kaunti kupitisha michoro. Fundi wa stima awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, kwa sababu bila cheti chake cha kumaliza kazi, Kenya Power hawaunganishi nyumba.

Hata akiwa na vyeti vyote, usimpe jengo la ghorofa tatu kama kazi ya kwanza. Mpe nyumba moja ambayo mpangaji amehama: abadilishe sinki, azibe nyufa, apige rangi makoti mawili, afunge vitasa. Ni kazi ya siku nne au tano. Utajua kama hufika saa aliyosema, kama hufagia akimaliza, na kama hukupigia simu anapokutana na jambo ambalo hamkulizungumzia. Hilo la mwisho lina uzito kuliko yote. Fundi anayeuliza kabla ya kuendelea atakuokolea pesa nyingi.

Bei gani, kwa kazi gani

Kazi isiyojulikana ukubwa wake, kama mfereji ulioziba au maji yanayovuja ndani ya ukuta, ilipwe kwa siku. Ukimlazimisha fundi akupe bei moja ya kazi ambayo hajaiona, atapandisha bei kujikinga, au atataja bei ndogo kisha aikimbie kazi katikati. Kazi inayopimika ilipwe kwa kipimo: ukuta kwa futi au mita, taili kwa mita ya mraba, stima kwa pointi (kila taa, swichi au soketi), rangi kwa nyumba. Kandarasi ya kazi pamoja na vifaa inafaa pale tu ambapo kuna michoro na BQ, yaani orodha ya kazi na vifaa vyote pamoja na vipimo vyake, iliyotengenezwa na mpimaji gharama.

Kuna desturi ya kutoza kazi kama asilimia ya bei ya vifaa. Ikwepe. Vifaa vikipanda bei, kazi nayo inapanda ilhali jasho ni lile lile, na fundi hana sababu ya kukutafutia taili za bei nafuu. Bei ya kipimo inamlinda kila mmoja, kwa kuwa mwisho wa siku mnashika tepu, mnapima, mnazidisha, na hakuna wa kubishana naye.

Mnachokubaliana kiandikwe. Kazi ndogo haihitaji wakili. Ujumbe wa simu unaojibiwa unatosha, kama huu:

“Habari ya jioni, fundi. Tumekubaliana hivi: nyumba nambari 4, taili za bafu sakafuni na ukutani hadi futi 6, mita 14 za mraba, kwa shilingi [bei] kila mita. Kutoa taili za zamani na kubeba kifusi ni ndani ya bei hiyo. Vifaa nanunua mimi. Tutajaza maji sakafuni kwa saa 24 kabla ya kuweka taili. Malipo Ijumaa jioni baada ya kupima. Ukikuta bomba limeoza, simama unipigie. Ukikubali nijibu.”

Tazama mahali kifusi kilipotajwa. Ugomvi wa ukarabati mara nyingi hauanzi kwenye taili. Huanzia kwenye vitu vya pembeni: nani abebe kifusi, nani alipie pikipiki ya kuleta gundi, maji ya kuchanganyia yanatoka wapi, mabaki ni ya nani. Vipande vya vyuma, mifuko mitupu na mbao za fomu (za kushikilia zege likimwagwa) vina bei sokoni, na fundi wengi huvihesabu kuwa vyao kwa desturi. Sema mapema. Ukimwachia mifuko mitupu na vipande vya vyuma vilivyo chini ya futi moja hupotezi kitu. Mbao zilizo nzima zirudi stoo.

Pesa

Fundi mwingi mdogo hana akiba ya kuendesha kazi. Anapopokea malipo ya awali makubwa kutoka kwako, sehemu yake huenda kumalizia kazi ya mteja aliyetangulia, ambaye pesa zake nazo zilimalizia kazi ya mwingine. Si lazima awe mwizi. Amechimba shimo na kila mteja mpya anafukia la nyuma. Ukimlipa asilimia 70 ilhali kazi imefika nusu, umemwondolea sababu ya kurudi kwako na umemwachia sababu ya kutafuta mteja mwingine wa kumpa malipo ya awali.

Kwa hiyo malipo yafuate kazi, yasiitangulie. Kandarasi ya kazi tu haihitaji malipo ya awali zaidi ya nauli na vifaa vidogo. Mkandarasi anayeleta mashine, mbao na walinzi anaweza kupewa asilimia 10 hadi 15, zinazokatwa kidogo kidogo kwenye kila malipo yanayofuata. Baada ya hapo, gawa kazi katika vipande vifupi vinavyoonekana kwa macho.

Chukua mfano wa kukarabati nyumba nane za chumba kimoja, kazi ya jumla ya shilingi 160,000. Usigawe kuwa “nusu sasa, nusu mwisho”. Gawa kwa nyumba: kila moja ni shilingi 20,000. Nyumba ikiisha mnaikagua pamoja, anapokea 18,000 siku hiyo, na 2,000 zinabaki za kushikilia kasoro. Zikiisha zote nane umeshikilia 16,000, yaani asilimia 10. Yeye anapata pesa mara nane badala ya mbili, nawe hujawahi kulipia nyumba ambayo haijaisha. Pesa ya kushikilia itaje tarehe yake tangu mwanzo, na itoke tarehe hiyo. Kwa paa, mifereji na rangi ya nje, tarehe hiyo iwe baada ya msimu mmoja wa mvua. Mwenye nyumba anayegeuza pesa ya kushikilia kuwa punguzo la siri huharibu jina lake mji mzima.

Siku ya malipo iwe moja na isihame. Wengi hulipa Jumamosi saa sita, lakini Kisii, Nyamira na sehemu nyingi za Luo Nyanza utakuwa na Wasabato katika kikosi, nao hawatakuja Jumamosi kupokea pesa. Lipa Ijumaa kabla ya jua kutua. Pimeni kazi saa nane, pesa zitoke saa kumi. Ukiwa Nairobi au ng'ambo, weka pesa ya wiki tayari Alhamisi, kwa kuwa kisingizio cha mtandao wa benki hakimlishi mtu.

Ukimlipa fundi mkuu, hakikisha vibarua wake wamelipwa. Njia rahisi ni karatasi yenye majina, siku walizofanya kazi na sahihi, na keateka ashuhudie. Kibarua asiyelipwa haendi kumtafuta fundi. Anakuja kwenye geti lako, wapangaji wakitazama. Ukiwaajiri vibarua wewe mwenyewe moja kwa moja, jua umekuwa mwajiri: chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, kibarua anayefanya kazi mfululizo kufikia mwezi mmoja huweza kuhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi, na haki zake hubadilika.

Kuna maombi ya pesa yatakayokuja tu, na ni vyema kuyangoja. Januari ni karo. Machi na Aprili mvua ikianza, fundi anataka mbolea na mbegu za mahindi, na siku kadhaa za kwenda nyumbani kupanda. Wakati wowote kuna msiba. Wekeni kanuni moja mkiwa wote mmetulia: mkopo hauzidi thamani ya kazi iliyokwisha kufanyika, unaandikwa, na unakatwa kwenye malipo yanayofuata. Mchango wa matanga ni jambo jingine kabisa. Utoe mfukoni mwako kama binadamu kwa binadamu, usiuandike kwenye hesabu ya kazi. Fundi hatasahau aliyesimama naye alipofiwa, na hatasahau pia aliyekata mchango huo kwenye mshahara.

Mkandarasi aliyesajiliwa mwambie mapema kuhusu kodi, na mhasibu wako pia umwambie. Malipo ya kandarasi ya ujenzi kwa mkazi wa Kenya hukatwa na mlipaji kodi ya zuio ya asilimia 3 na kupelekwa KRA, mamlaka ya mapato. Ukimkata bila kumweleza ataona umemwibia.

Vifaa

Vifaa vikubwa nunua mwenyewe, kwa orodha ya fundi, na vifike siku moja kabla. Mwenye nyumba anayenunua kwa kuchelewa hana haki ya kulalamika kwamba kazi imekawia. Kikosi cha watu watano kikikaa bure siku moja kwa sababu lori la mchanga halijafika, siku hiyo ni yako kulipa, na kuilipa bila kununa kunakujengea heshima.

Jifunze hesabu chache ili maswali yako yawe ya haki. Zege la mchanganyiko wa 1:2:4 (simiti, mchanga, kokoto) hula mifuko kama sita na nusu ya simiti ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Slabu (sakafu ya zege) ya mita 10 kwa 8, unene wa sentimita 15, ni mita 12 za ujazo, kwa hiyo mifuko karibu 80. Fundi akiagiza 110, mwombe akuonyeshe alivyopiga hesabu, huenda ameweka na mihimili. Akitumia 55 na kukupongeza kwamba amekuokolea, hapo ndipo pa kushtuka. Plasta ya milimita 15 hula mfuko mmoja kwa mita 7 hadi 9 za mraba. Ndoo ya lita 20 ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hutosha mita 80 hadi 100 kwa makoti mawili.

Uwiano wa zege hupotea kwenye toroli, kwani toroli moja hujazwa juu na nyingine nusu. Mwambie seremala atengeneze sanduku la kupimia lenye ndani sentimita 40 kwa 35 kwa 25. Hilo ni lita 35, sawa na mfuko mmoja wa simiti. Mfuko mmoja, masanduku mawili ya mchanga, manne ya kokoto. Fundi mzuri hulipenda sanduku hilo, maana linamlinda yeye pia siku zege litakapopasuliwa kupimwa maabara.

Mchanga ukija, jaza chupa ya kioo nusu, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa, acha saa tatu. Tabaka la matope juu likikaribia sehemu moja ya kumi ya mchanga, rudisha lori kabla halijamwaga. Simiti ikae juu ya mbao, mbali na ukuta. Unyevu wa Kisumu huigeuza madonge ndani ya wiki chache.

Kukagua bila kumvunjia heshima

Kazi inayofunikwa ikaguliwe kabla ya kufunikwa. Andikeni mapema vituo ambavyo fundi hapiti bila wewe au mhandisi kuona: mtaro wa msingi, vyuma kabla ya zege, mabomba kabla ya plasta, sakafu ya bafu kabla ya taili. Nawe uwe na wajibu wako: akikuita, ufike au utume mtu ndani ya saa 24. Kumkawiza fundi kituoni kwa siku tatu ni kumfundisha kufunika bila kukuita.

Msingi una mambo yake kwa kila mahali. Nyamasaria na bonde la Kano kuna udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Huchimbwa hadi kufikia udongo mgumu, au mhandisi hutoa msingi wa namna nyingine. Bei ya kuchimba haiwezi kufungwa kabla ya kuona udongo, kwa hiyo ifungeni kwa futi ya kina. Nakuru udongo wa volkano ni mwepesi, na upande wa magharibi wa mji kuna nyufa za ardhini zinazofunguka baada ya mvua kubwa. Ripoti ya udongo inunuliwe kabla ya mkandarasi kutaja bei.

Siku ya slabu, fika asubuhi kabla ya mashine kuwashwa. Ikiwa mchoro unasema vyuma vya milimita 10 kila sentimita 20, nyosha tepu mita mbili: unapaswa kuhesabu nafasi kumi. Angalia chini ya vyuma: kuna zile biskuti za zege za milimita 20 hadi 25 zinazoviinua, au vimelala juu ya mbao? Vyuma vilivyogusa mbao hukosa zege la kuvifunika, hushika kutu, na baada ya miaka dari huanza kumenyeka juu ya kitanda cha mpangaji. Tembea juu ya mbao. Zikinesa, nguzo za chini hazitoshi. Hakikisha mabomba ya nyaya yamefungwa na waya wala hayaelei. Zege likishamwagwa, limwagiliwe maji kwa siku saba angalau, na nguzo zisiguswe mpaka mhandisi aseme, kwa kawaida kati ya siku 14 na 21. Kumwagilia huachwa kwa sababu hakuna aliyelipwa kuifanya kazi hiyo, kwa hiyo iweke ndani ya bei na umtaje mtu kwa jina.

Mabomba nayo yajazwe presha kwa pampu ya mkono, mara moja na nusu ya presha ya kawaida, na geji isomwe baada ya saa moja. Mshale ukishuka, kiungo kinatafutwa kukiwa bado na ukuta wazi. Kurekebisha sasa ni dakika ishirini. Baada ya plasta na taili ni siku mbili na ugomvi.

Ukikuta kosa, usimkemee fundi mbele ya vibarua wake. Mwite pembeni, mwonyeshe kwa tepu, mwambie linalotakiwa. Ukimdhalilisha, kesho atafanya unachosema hata akijua si sawa, ili lawama iwe yako. Amri zipitie mdomo mmoja pia. Wewe unasema na foromani, foromani anasema na watu wake. Keateka anafungua geti na kuandika vilivyoingia na kutoka. Shemeji aliyetumwa “kuangalia angalia” asiongeze dirisha. Ongezeko lolote liandikwe na bei yake kabla ya kuguswa, hata kama ni soketi moja.

Ajali

Kazi ya juu inahitaji jukwaa lililofungwa vizuri, si mapipa na ubao mmoja. Chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007, mwajiri hukata bima ya wafanyakazi wake. Omba nakala ya bima ya mkandarasi kabla ya kazi kuanza. Kama hana, iweke kwenye bei na uisimamie mwenyewe. Mtu akianguka kwenye saiti yako bila bima, familia yake itabisha kwako, na itakuwa na haki ya kubisha.

Kazi ikiharibika, na ikiendelea vizuri

Kasoro ikijitokeza, tafuta kwanza asili yake kabla ya kutaja mwenye kosa. Rangi inayobambuka karibu na sakafu mara nyingi ni unyevu unaopanda, si makosa ya aliyepaka rangi. Choo kinachoziba kila wiki huenda kina mteremko mbaya, au mpangaji anatupa nepi. Piga picha, mtumie fundi, mpe siku saba. Akija na kurekebisha, mlipe vifaa ambavyo havikuwa kosa lake. Asipokuja, mjulishe kwa maandishi kwamba utamwita mwingine na kutumia pesa ya kushikilia. Kinachozidi hapo, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai hadi shilingi milioni moja, na ujumbe wenu wa simu na karatasi za malipo ndio ushahidi.

Kazi inayokwenda vizuri nayo inahitaji mpango. Fundi hukaa na mtu mwenye kazi za kuaminika, kwa hiyo usimwite wakati wa dharura tu. Februari, kabla ya mvua ndefu, mpe kazi ya paa na mifereji ya ploti zote kwa pamoja. Agosti, rangi na mabomba. Desemba usianzishe kitu: kuanzia katikati ya mwezi watu wako nyumbani, na kazi iliyofunguliwa itakaa wazi hadi wiki ya pili ya Januari. Kubalianeni bei ya kuitwa usiku, iwe juu ya bei ya mchana, na ilipwe hata kama tatizo lilikuwa koki iliyofungwa.

Kwa kila aina ya kazi uwe na mafundi wawili, na kila mmoja ajue kwamba mwenzake yupo. Keateka awe na daftari la kila nyumba: aina ya koki, ukubwa wa mabomba, rangi na nambari yake, mahali pa vali ya kufungia maji, tarehe ya ukarabati wa mwisho na jina la fundi. Fundi akipigiwa simu akaambiwa ni nyumba 6, koki ya nusu inchi, vali iko nyuma ya jiko, atapita dukani akiwa njiani na kufika na kifaa mkononi.